Gimbali ya Mkononi kwa Anayeanza: Kusawazisha Kwanza, Kuwasha Baadaye

"Nimenunua gimbali, mbona video bado inaruka?" "Mbona mota zinanguruma?" "Mbona kamera inaanguka kichwa kila ninapozima?" Maswali haya matatu nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe na hata ukumbini wakati bibi harusi anaingia, na kwa kuwa yanaendelea kuja, nayaandikia majibu mara moja ili anayeuliza kesho nimwelekeze hapa.

Majibu yenyewe yanarudi kwenye mambo mawili. La kwanza ni kusawazisha uzito wa kamera juu ya gimbali, yaani kile kishikio chenye mota kinachoituliza kamera mkononi, wakati gimbali imezimwa. La pili ni namna wewe mwenyewe unavyotembea. Vitufe, hali za ufuataji na programu ya kwenye simu vinakuja baada ya hayo, ingawa nimeona wengi wakianza navyo kwa sababu ndivyo vinavyovutia macho.

Mwongozo huu unamlenga mwenye kamera ya kubadilisha lenzi na gimbali ya mihimili mitatu. Mifano yangu mingi inatoka kwenye gimbali za kampuni ya DJI kwa kuwa ndizo ninazozishika kila wiki, lakini kanuni za kusawazisha ni zile zile kwenye za kampuni ya Zhiyun na nyinginezo. Kinachobadilika ni mahali kufuli zilipo na majina ya vitufe. Mwenye gimbali ya simu ana aya yake karibu na mwisho.

Nadharia kidogo, isiyoepukika

Gimbali ina mota tatu. Moja huinamisha na kuinua uso wa kamera, nami nitaiita mota ya kuinama. Ya pili huzuia kamera isilale ubavu kama jahazi linavyolala upepo unapolisukuma. Hiyo ni mota ya kulala. Ya tatu huigeuza kamera kushoto na kulia, nayo ni mota ya kugeuka. Vihisi vya ndani hupima kila mzunguko wa mkono wako, na mota huujibu kwa kuizungusha kamera upande wa pili kwa kiasi hicho hicho.

Lizingatie neno "mzunguko". Mkono ukipinda, gimbali hurekebisha. Mwili mzima ukipanda na kushuka kwa kila hatua, kamera hupanda na kushuka pamoja nawe, na hakuna hata moja kati ya mota hizo tatu inayoweza kuizuia. Steadicam, kifaa alichokibuni Mmarekani Garrett Brown katika miaka ya 1970, kina mkono wa springi unaoumeza mtikisiko huo wa juu na chini. Gimbali yako haina mkono huo, kwa hiyo kazi yake itafanywa na magoti yako.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Anza na hesabu ya uzito. Sony a7 III ina gramu 650 ikiwa na betri na kadi. Lenzi ya Sony 24-70mm f/2.8 GM ya toleo la kwanza ina gramu 886. Jumla ni gramu 1,536, kabla hujaweka maikrofoni wala kichujio. DJI RS 3 Mini imetengenezwa kubeba hadi kilo 2, kwa hiyo mzigo huo inauweza bila kuwa na nafasi kubwa ya nyongeza, wakati DJI RS 3 inabeba hadi kilo 3. Fanya hesabu kama hiyo kwa kamera yako kabla ya kutoa fedha dukani, na ubakize nafasi, kwa sababu gimbali iliyofika mwisho wa uwezo wake huchoka mapema, hupata joto na humaliza betri kabla ya sherehe kwisha.

Halafu fikiria mkono wako. RS 3 Mini yenyewe ina karibu gramu 800, hivyo mzigo wote wa mfano huu unazidi kilo 2.3. Chukua dumu la maji la lita 2, lishike mbele ya kifua kwa dakika kumi bila kulishusha, ndipo uamue kama unahitaji lenzi ile nzito au ile nyepesi.

Vingine vya kuwa navyo:

- Betri ya kamera na betri ya gimbali, zote zimejaa chaji.
- Lenzi pana. Kwenye kamera ya sensa kamili, urefu wa kati ya 16mm na 35mm humsamehe anayeanza. Kuanzia 50mm kwenda juu kila kosa la mguu huonekana.
- Bamba la kufungia kamera pamoja na skrubu zake, na bisibisi au ufunguo mdogo wa pembe sita uliokuja ndani ya boksi. Usiuache nyumbani.
- Kichujio cha ND, yaani kioo cheusi kinachopunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi, kwa ajili ya kazi za nje mchana.
- Meza au sakafu iliyo sawa, na dakika ishirini zisizo na mtu wa kukuharakisha. Ukishazoea utatumia dakika tatu.

Hatua za kusawazisha

1. Andaa kamera hivyo hivyo itakavyofanya kazi. Ingiza betri na kadi, funga lenzi, weka kichujio, funga maikrofoni ikiwa utaitumia, toa kifuniko cha lenzi na uvue mkanda wa shingoni. Ikiwa skrini ya kamera yako hufunguka pembeni na unapenda kuitazama ikiwa wazi, ifungue sasa, kwa maana skrini iliyofunguliwa huhamisha uzito kwenda kushoto. Kosa ninalolikuta mara nyingi kwa wageni wa kazi hii ni kusawazisha kamera ikiwa na kifuniko cha lenzi, kisha kukitoa na kushangaa kwa nini pua ya kamera inanyanyuka.

2. Funga bamba chini ya kamera kwa nguvu ya kutosha. Mshale au alama ya bamba ielekee upande wa lenzi. Ukilishika bamba kwa mkono mmoja na kamera kwa mwingine, visichezeane hata kidogo. Lenzi ikiwa ndefu na nzito, tumia kile kitegemeo cha lenzi kilichokuja na gimbali, kwa sababu bila hicho kamera hujipinda kidogo kwenye skrubu moja na utapata mtetemo mdogo ambao huwezi kuuondoa kwa mpangilio wowote.

3. Simamisha gimbali juu ya miguu yake mitatu, ikiwa imezimwa na mihimili yote imefungwa kwa kufuli. Ingiza kamera kwenye reli na usiiachie hadi usikie kufuli ya usalama ikilia. Narudia: imezimwa. Ukiiwasha kamera ikiwa haijasawazishwa, mota zitaanza kubishana na uzito badala ya kubishana na mtikisiko, na hapo ndipo ile ngurumo ya kwenye maswali inapotokea.

4. Fungua kufuli ya kuinama peke yake, huku mkono mmoja ukiikinga kamera. Elekeza lenzi mbele, sambamba na sakafu, kisha uiachie taratibu. Pua ikishuka, irudishe kamera nyuma kwenye reli. Nyuma ikishuka, isogeze mbele. Sogeza milimita mbili au tatu kwa wakati mmoja, kaza, uachie tena. Ukiona inabaki pale ulipoiacha, nenda hatua inayofuata.

5. Kufuli ile ile ikiwa wazi, elekeza lenzi juu kwenye dari. Kamera ikianguka kwa nyuma, uzito wake uko juu ya mhimili, hivyo ishushe kidogo. Ikianguka kwa mbele, ipandishe. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa kuwa kamera iliyosawazishwa kwa hatua ya nne pekee hutulia ikitazama mbele na humdanganya mwenyewe kwamba kazi imekwisha.

6. Sasa iweke lenzi katikati, nusu ya njia kati ya mbele na juu, halafu nusu ya njia kati ya mbele na chini. Kamera inatakiwa ibaki popote unapoiacha. Isipobaki, rudia hatua ya nne na ya tano. Usione aibu kuzirudia mara tatu. Mimi bado huzirudia ninapobadilisha lenzi.

7. Funga kufuli ya kuinama, fungua ya kulala. Kamera italala upande ulio mzito. Sogeza mkono wa gimbali kuelekea upande wa pili hadi kamera isimame wima bila kushikwa. Kama mkono umefika mwisho wa reli na kamera bado inalala, mara nyingi sababu ni maikrofoni au kebo iliyofungwa pembeni, na dawa yake ni kuihamisha, si kuilazimisha mota.

8. Funga ya kulala, fungua ya kugeuka. Hapa wengi hukwama, kwa sababu gimbali ikiwa imesimama wima mhimili huu hautaonyesha chochote. Shika mpini, uulaze karibu sambamba na sakafu, kisha uangalie mkono wa gimbali: upande mzito utazunguka na kushuka chini. Usogeze mkono huo kidogo kidogo hadi ubaki pale unapouweka, hata mpini ukiwa umelala.

9. Fungua kufuli zote, simamisha gimbali mezani, uiwashe, kisha uiamuru ipime nguvu ya mota. Kwenye DJI kipimo hicho kinaitwa Auto Tune. Kamera itatetemeka kwa sekunde kadhaa, ni kawaida. Usiishike, usiegemee meza. Ikileta onyo la kutosawazika, izime na urudi hatua ya nne.

Tahadhari moja inayohusu lenzi za zumu: nyingi hurefuka unapozumu na kupeleka uzito mbele. Sawazisha kwa urefu utakaoutumia zaidi, na ukishaanza kupiga usizumu. Kama lazima usogee karibu, sogea kwa miguu. Lenzi ya urefu mmoja, kama 24mm au 35mm, inakuondolea shida hii kabisa, na kwa pesa chache unapata mwanga mwingi zaidi ukumbini.

Mipangilio ya kamera

10. Weka fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50. Sababu si urembo peke yake. Umeme wa Tanzania, Kenya na nchi jirani ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 au 1/100 huendana na mpigo huo, ilhali 1/60, ambayo kamera nyingi zilizonunuliwa Marekani huja nayo, huleta michirizi inayopanda na kushuka ukutani. Kwa mwendo wa polepole, tumia fremu 50 kwa sekunde na shata 1/100, kisha upunguze kasi hadi nusu wakati wa kuhariri. Utaona pia kwamba kasi hiyo ya nusu husitiri makosa madogo ya hatua zako. Usiifanye iwe kimbilio la kila picha, kwa maana harusi nzima ya mwendo wa polepole humchosha hata bwana harusi mwenyewe.

11. Nje mchana, shata ya 1/50 itaingiza mwanga mwingi mno. Hapo ndipo kichujio cha ND kinapofanya kazi. Asiye nacho hupandisha shata hadi 1/1000 au zaidi, na video yake hukatakata kila mtu anapotembea, kisha lawama huangukia gimbali isiyo na kosa.

12. Kuhusu utulizaji wa ndani ya kamera: ukiwa na lenzi pana sana, uzime kwanza. Sensa inayoelea ikijaribu kusahihisha mwendo ambao gimbali tayari imeusahihisha, pembe za picha huyumba kama zimechorwa juu ya maji. Kwa lenzi ya 35mm kwenda juu unaweza kuuwasha na kulinganisha video mbili fupi kabla ya siku ya kazi. Amini macho yako.

13. Fokasi iwe ya kiotomatiki yenye kufuata uso, na tundu la lenzi liwe f/2.8 hadi f/4 ikiwa mwanga unaruhusu. Ukifungua hadi f/1.4 huku unatembea, macho ya bibi harusi yatakuwa wazi kwa hatua moja na ukungu kwa hatua inayofuata.

Kuchagua hali ya ufuataji

14. Kwenye DJI utakuta herufi PF, PTF na FPV. Katika PF, kamera huufuata mkono wako kushoto na kulia tu, na uso wake haunyanyuki wala kuinama. Anayeanza akae hapa mwezi mzima. Katika PTF, kamera hufuata pia unapoinamisha mpini, jambo linalofaa unapopanda kutoka kwenye viatu hadi kwenye ushungi. Katika FPV mihimili yote mitatu hufuata, hata upeo hulala. Ni hali ya madoido na huhitaji sababu. Ukibana na kushikilia kitufe cha mbele, kamera hujifunga upande mmoja hata ukizungusha mwili wako. Ukikibonyeza mara mbili hurudi katikati. Kitufe hicho kikibonyezwa mara tatu kamera hugeuka ikutazame wewe, kwa hiyo usikichezee mbele ya wazee.

15. Punguza kasi ya ufuataji. Kasi ya kiwandani mara nyingi ni ya haraka kwa anayeanza, na kila mkono unapoyumba kamera nayo huyumba. Ishushe kwenye mipangilio hadi kamera ichelewe kidogo nyuma ya mkono, halafu upandishe taratibu kadiri unavyozoea.

Kutembea

Sehemu hii ndiyo itakayotofautisha video yako na ya jirani mwenye kifaa hicho hicho. Mtazame mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani akitoka kisimani: miguu inafanya kazi, nyonga zinacheza, lakini ndoo inakwenda kwenye mstari mmoja kana kwamba inavutwa kwa kamba. Hakuna aliyemfundisha fizikia. Anapinda magoti, anafupisha hatua, na hakanyagi kwa kishindo. Wewe ndoo yako ni kamera.

16. Shika mpini kwa mikono miwili, viwiko karibu na mbavu, kamera mbele ya kifua. Mkono ulionyooshwa hauna uwezo wa kumeza mtikisiko, na utachoka ndani ya dakika mbili. Kwenye gimbali nyingi unaweza kufungua ile miguu mitatu nusu na kuitumia kama mpini wa pili.

17. Pinda magoti kidogo, kiasi cha mtu anayetaka kukaa akaghairi. Kanyaga kisigino kwanza, kisha unyayo uviringike hadi vidoleni, hatua ziwe fupi. Kiuno kisipande. Ukirudi nyuma, geuza utaratibu: vidole kwanza, kisigino baadaye.

18. Fanya zoezi la ukuta. Tafuta ukuta wenye mstari wa rangi au wa matofali, tembea sambamba nao ukirekodi, kisha utazame video kwenye skrini kubwa. Mstari ukipanda na kushuka kwa mpigo ulio sawa na hatua zako, tatizo liko kwenye magoti. Ukitetemeka kwa kasi ndogo ndogo, tatizo liko kwenye usawazishaji. Zoezi hili la dakika tano limenipunguzia maswali mengi kuliko maelezo yangu yote.

19. Unapotembea kinyumenyume mbele ya maharusi, uwe na msaidizi aliyekushika mkanda wa suruali au mgongo wa shati, akikuelekeza kwa kukuvuta, si kwa kupiga kelele. Kagua njia kabla hawajaingia: zulia lililojikunja, kebo za spika, ngazi ya jukwaa. Mimi nilianguka juu ya kebo mwaka wangu wa kwanza kazini, gimbali mkononi, mbele ya watu waliokwisha kusimama kupiga makofi. Kamera ilipona kwa kuwa mgongo wangu ndio uliotangulia sakafuni.

20. Kabla ya kuanza kila mwendo, simama sekunde mbili ukirekodi. Ukifika mwisho, simama sekunde mbili nyingine. Mhariri anahitaji mahali pa kukata, na mhariri mara nyingi ni wewe mwenyewe saa nane usiku.

21. Chagua mwendo mmoja kwa kila picha. Kusogelea, kurudi nyuma, kufuata kwa mgongoni, kuzunguka mtu, au kutokea nyuma ya kitu kama nguzo na kumfunua aliye mbele: kila kimoja kinatosha peke yake. Anayeanza hutaka kusogelea, kuzunguka na kuinua kamera kwa pamoja, na mtazamaji hajui atazame nini. Kuzunguka mtu kuna siri yake: chora duara kwa miguu, sio kwa mikono, na umweke mhusika katikati ya fremu huku mpini ukielekea kwake muda wote. Kwa picha za chini, kama watoto wanaocheza au pindo la gauni, pindua mpini uning'inie juu na kamera iwe chini karibu na ardhi. Gimbali nyingi zinakubali mkao huo bila kubadilisha mpangilio.

Sauti usiitegemee maikrofoni iliyoko juu ya kamera. Inazisikia mota, inasikia vidole vyako vikisugua mpini, na katika chumba kimya cha kufungisha ndoa itazisikia zaidi kuliko sauti ya walii. Weka kinasa sauti kidogo karibu na wanaozungumza.

Kwa mwenye gimbali ya simu

Vua kava la simu na pete za sumaku zisizohusika. Bana simu katikati ya kishikio kabla ya kuwasha gimbali, na uangalie lenzi zisizibwe na mkono wa mota. Simu ikilala upande mmoja kabla ya kuwasha, isogeze kwenye kishikio hadi ikaribie kutulia. Hakuna kufuli nyingi za kuhangaika nazo, lakini hatua za kutembea ni zile zile, na simu, kwa kuwa ni nyepesi, huonyesha mtikisiko wa hatua hata zaidi ya kamera.

Ikikataa

*Mota zinanguruma au kamera inatetemeka kwa kasi.* Zima, sawazisha upya, pima nguvu ya mota upya. Ikiendelea, kaza bamba na lenzi. Ikiendelea bado, punguza nguvu ya mota kwenye mipangilio, kwa sababu nguvu kubwa kwenye kamera nyepesi huleta ngurumo hiyo hiyo.

*Upeo umelala.* Hii huonekana haraka ufukweni, ambapo mstari wa bahari hauna huruma. Weka gimbali juu ya kitu kilicho sawa na kisichotikisika, si juu ya boneti ya gari linalounguruma, na ufanye usawazishaji wa vihisi kutoka kwenye menyu. Kama imelala kwa nyuzi moja tu, kuna mpangilio wa kuisahihisha kwa mkono.

*Kamera inageuka taratibu yenyewe bila kuguswa.* Mara nyingi ni vihisi vinavyohitaji kupimwa upya, au kifimbo cha kidole kilichokwama na mchanga. Kama unapiga ufukweni, funika gimbali kila unapopumzika na uipanguse kwa kitambaa kikavu kabla ya kuikunja. Usiipulizie hewa ya kompresa ya gereji. Inasukuma mchanga na unyevu ndani ya mota.

*Mota zinajizima katikati ya kazi.* Kitu kinagusa mkono wa gimbali, mara nyingi pembe ya kamera, skrini iliyofunguliwa au kebo ngumu ya video inayovuta kama kamba ya mbuzi. Badilisha kebo iwe laini na uiache na mkunjo. Kama hakuna kinachogusa, pima uzito wa vyote kwa pamoja, huenda umezidisha.

*Kitufe cha kurekodi kwenye mpini hakifanyi kazi.* Kamera na gimbali huwasiliana kwa kebo au kwa bluetuthi. Kwa bluetuthi, futa jina la gimbali kwenye kamera na la kamera kwenye gimbali, kisha uziunganishe upya. Ukiwa na haraka, rekodi kwa kitufe cha kamera yenyewe kabla ya kuinua mpini, na uendelee.

*Upepo mkali unaisukuma kamera.* Toa kivuli cha lenzi, kwa kuwa kinashika upepo kama tanga, usawazishe upya bila hicho, na umsogeze mhusika nyuma ya ukuta au gari. Upepo wa kaskazi ukiwa umekaza alasiri, mimi huifunga gimbali kwenye begi na kupiga kwa tripodi.

*Umebadilisha lenzi na kila kitu kimeharibika.* Hakijaharibika. Piga alama ndogo za penseli kwenye reli zote tatu kwa kila lenzi unayoitumia, alama moja kwa 24mm, nyingine kwa 35mm, na siku ya kazi utaisogeza kamera hadi kwenye alama yake, ujaribu kwa lenzi kutazama mbele na juu, na uendelee kabla wapambe hawajamaliza kupanga mstari.